Kifo cha Huruma kwa Mtoto Mchanga: Uchungu ni wa Nani?

Muhula uliopita chama chetu kilifanya mjadala juu ya kifo cha huruma, yaani daktari kukatiza maisha ya mgonjwa asiye na tumaini la kupona ili asiteseke zaidi. Mtu mzima ana kinywa, anaweza kusema, "Nimechoka." Mimi nilipewa upande wa kuunga mkono, na hoja iliyotutoa jasho ni ya mtoto mchanga ambaye hata kusema hajui.

Huko Uholanzi jambo hili si la mjadala tu. Sheria yao ya mwaka 2002 iliruhusu kifo cha huruma kwa mgonjwa anayekiomba mwenyewe, kuanzia umri wa miaka 12. Watoto wachanga hawamo. Kwa hivyo daktari Eduard Verhagen na wenzake wa mji wa Groningen wakatunga mwongozo wao: ugonjwa ujulikane bila shaka, mateso yawe hayavumiliki wala hayana dawa, daktari mwingine asiyehusika athibitishe, na wazazi wote wawili wakubali. Kisha serikali iarifiwe.

Niliyasema hayo yote jukwaani kwa mbwembwe, nikamalizia na methali: uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Makofi! Mara mwenzetu wa upande wa kupinga akasimama. "Huo uchungu wa mwana," akauliza, "ni ule anaousikia mwana, au ule anaousikia mzazi kwa ajili ya mwana?" Jamani, nilitafuta jibu kwenye dari.

Baadaye nilirudi kusoma. Mwaka 2005 Verhagen na mwenzake Pieter Sauer walichapisha habari za watoto 22 waliokatiziwa maisha katika muda wa miaka 7. Kesi zote zilifikishwa kwa waendesha mashtaka, na hakuna daktari aliyeshtakiwa. Watoto hao wote walizaliwa na mgongo wazi wa hali mbaya, yaani uti wa mgongo haukufunikwa vizuri walipokuwa tumboni. Nilishtuka. Binamu yangu naye alizaliwa na mgongo wazi. Alipasuliwa akiwa na siku chache tu, akawekewa mrija wa kupunguza maji kichwani, na leo anatembea kwa magongo na kunishinda drafti bila haya. Sisemi hali yake ililingana na ya wale. Lakini mwaka 2008 daktari wa upasuaji wa huko huko Uholanzi, Rob de Jong, alipinga. Alisema wachanga wa mgongo wazi kwa kawaida hawana maumivu yasiyotulizika. Kinachohofiwa ni maisha ya mbeleni. Sasa hofu hiyo ni ya nani, kama si ya sisi tunaomtazama mtoto?

(Hapa kwetu, tangu mwaka 2012, unga wa viwandani sharti utiwe foliki, ambayo hupunguza ugonjwa huu. Nyama ya ulimi hiyo, lakini niliona niitaje.)

Tena wengi huchanganya mambo. Kumwondoa mtoto kwenye mashine isiyomsaidia tena, au kumpa mofini asisikie maumivu, si sawa na kumdunga sindano ili afe. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 26, inakataza kumwondolea mtu uhai kwa makusudi isipokuwa pale sheria inaporuhusu, na hatuna sheria inayoruhusu kifo cha huruma.

Mnamo Februari 2024 Uholanzi ilifungua mlango pia kwa watoto wa kati ya mwaka 1 na 12 walio karibu kufa, ambao dawa za kutuliza zimeshindwa. Hapo, nakiri, ndipo ninapokwama. Mtoto anakufa hata hivyo, na mofini imegonga mwamba. Ningekuwa mzazi wake, sijui ningemjibu nini daktari. Lakini kwa yule mchanga wa mgongo wazi, nikirudishwa jukwaani leo, naomba kiti cha upande wa pili.