Menyu Isiyokaa Ndani ya Simu

Tulikuwa watano, na mpango ulikuwa kwenda Kamembe, mpakani mwa Rwanda, kutazama taa za Bukavu ng'ambo ya pili. Tulisimama Rwimbogo kwa nusu saa tu, tule mishikaki ya mbuzi na ndizi za kuchoma. Mwenzetu anayeendesha pikipiki akatoa kitochi chake, akabonyeza *182#, akalipia soda za wote. Kisha akanigeukia, maana mezani pale fundi wa mitambo ya simu nilikuwa mimi: "Ndugu yangu, simu hii haina intaneti wala programu. Menyu hii inakaa wapi?"

Swali hilo lilinifurahisha kuliko nyama. Menyu haikai ndani ya simu hata kidogo. Ukibonyeza nyota, namba, kisha reli, simu hutuma herufi hizo kwenye mnara, mnara huzipeleka kwenye mitambo ya kampuni, na huko kompyuta ndiyo inayoandika "1. Tuma pesa" na mengine yote. Simu yako inaonyesha tu kile ilicholetewa. Ndiyo maana kitochi cha bei ya chini na simu ghali ya kioo hupata menyu ileile, na kampuni ikiongeza huduma leo, hakuna anayelazimika kubadilisha chochote.

Njia inayotumika ni ileile nyembamba ya ishara ambayo mtandao hutumia kuiamsha simu yako unapopigiwa. Haihitaji bando. Jina lake la kitaalamu ni USSD, nayo si sawa na SMS. SMS ni barua: ikikukosa, inawekwa kituoni hadi uwashe simu. USSD ni mazungumzo: mlango unabaki wazi mnapojibizana, na ukichelewa kujibu unafungwa, kwa sababu kuushikilia kunautwisha mtandao mzigo.

M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu iliyoanza Kenya Machi 2007, ilipita njia nyingine: menyu yake iliwekwa ndani ya laini yenyewe, hivyo ilibidi mtu awe na laini iliyobeba menyu hiyo. Lakini MoMo, huduma kama hiyo ya Rwanda iliyokuja 2010, watu wameizoea kwa *182#.

Hapo mwalimu wa hesabu kati yetu akaomba kalamu, na Kamembe ikasahaulika. Nilikuwa nimemwambia kwamba ujumbe mmoja wa USSD hubeba baiti 160. Kila baiti ina biti nane, jumla 1280. Herufi ya alfabeti ya GSM, ile ya kawaida ya simu, hutumia biti saba, zinazotosha alama 128. Akagawanya 1280 kwa 7: akapata 182, zikabaki 6. Akaruka kutoka kwenye benchi. "Mia themanini na mbili! Ni msimbo wetu!" Ilibidi nimweleze kwamba kiufundi viwili hivyo havitegemeani, huduma ingefanya kazi vilevile kwa namba nyingine. Lakini hesabu yake ilikuwa sahihi, na kwa njia hiyohiyo SMS yenye baiti 140 ndiyo inayotupa herufi 160. Kiswahili na Kinyarwanda vinaenea vizuri humo. Kiamhari, ambacho kila herufi yake hudai biti 16, hupata herufi 80 tu kwa ujumbe mmoja wa USSD.

Jambo moja nililisema kwa uzito, maana linanisumbua. Kwenye simu nyingi, namba ya siri unayoingiza kwenye menyu hii huonekana wazi kwenye kioo, haifichwi kwa nyota. Pia ishara hulindwa kati ya simu na mnara tu. Ndani ya mitambo, namba hiyo husafiri kama maandishi ya kawaida. Mwenzetu wa pikipiki, ambaye hulipwa kwa simu kutwa nzima akiwa amezungukwa na abiria, akanyamaza kidogo, kisha akaanza kujizoeza kubonyeza kiganja kikiwa juu ya kioo.

Saa nne ikapita. Mama mwenye banda akatukumbusha: "Wanangu, mtalipa au mtaendelea kuhesabu?" Tukakubaliana wenye data tuizime kwanza, kila mtu alipe fungu lake. *182*8*1#, kisha namba ya banda iliyoandikwa kwa rangi kwenye ubao. Simu ya mama ikalia mara tano. Mwalimu akaichukua, akaanza kuhesabu herufi za ujumbe wa kwanza.