Shoka dogo ndani ya gari: liwe la kazi, lisitishe watu

Ndugu wanachama wa koperative, leo hatutazungumza juu ya mbegu wala mbolea. Tutazungumza juu ya shoka dogo, lile ambalo shofere anapaswa kuwa nalo kila gari linapobeba mazao yetu, kwa sababu kwenye barabara zetu mtu anaondoka asubuhi akijua atalala nyumbani, halafu analala kwenye tope.

Msimu wa mvua uliopita tulikuwa tunashuka kutoka Bogoro kuelekea Kasenyi na kamio yenye magunia ya muhogo na maharagwe. Saa kumi ya jioni mvua ikatukuta. Gurudumu la nyuma likazama mpaka kwenye ekseli. Ndani ya gari kulikuwa na panga moja tu. Tulikata matawi makavu ya mkaratusi ili tuyaweke chini ya gurudumu, lakini panga lilikuwa linaruka tu juu ya mti, na mwishowe mpini ukalegea. Giza likaingia, tukakubali kulala palepale.

Kijana mmoja kati yetu akaenda kwenye nyumba ya karibu kuazima shoka. Alikuwa na tochi mkono mmoja na panga mkono wa pili. Akapiga hodi. Taa ikazimwa, watoto wakanyamaza, hakuna aliyejibu. Asubuhi mama mwenye nyumba akatoka mwenyewe, akatusalimia na kutupa maji ya kunywa. Akasema: "Wanangu, hapa Bogoro mtu haji usiku na panga halafu afunguliwe mlango."

Tulinyamaza, maana alikuwa na haki. Tarehe 24 Februari 2003 Bogoro ilishambuliwa. Raia waliuawa kwa risasi na kwa mapanga, nyumba zikachomwa, mifugo ikachukuliwa. Mwaka 2014 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu Germain Katanga kifungo cha miaka 12 kwa mchango wake katika shambulio lile, na mwaka 2017 ikaamuru fidia kwa wahanga 297. Kesi ilikwisha, lakini mwenye kusikia hodi usiku bado anakumbuka. Kwa hiyo tukibeba shoka kwenye gari, tufikirie kazi yake, na tufikirie pia macho ya watu watakaotuona nalo.

Kwa nini shoka dogo

Panga ni zuri kwa nyasi na matawi mabichi. Kwa mti mkavu linateleza. Shoka kubwa ni la kuangusha miti; linataka nafasi ya kulizungusha na halikai vizuri kwenye gari. Shoka dogo lenye mpini wa sentimita 35 hadi 40 na kichwa cha gramu 600 hadi 800 linatosha kwa kazi za njiani: kukata matawi ya kuweka chini ya gurudumu, kuchonga kipande cha kuzuia gari lisirudi nyuma kwenye mteremko, kuchonga vigingi vya bashi ya kufunika mazao na watu, na kupasua kuni za kupika.

Kuna kazi ambayo si yake. Mti mkubwa ukianguka barabarani, usiuvamie na shoka dogo. Shina lililopindika ni kama upinde. Ukikata mahali pabaya linaruka na kuvunja mguu. Ngojeni watu wenye msumeno na wenye kuijua kazi hiyo.

Kulichagua

Wahunzi wetu wanatengeneza vichwa vizuri kwa springi za magari ya zamani. Jaribu makali kwa tupa kabla ya kulipa. Tupa ikiteleza kama juu ya kioo, chuma ni kigumu mno na kitamomonyoka. Ikila haraka kama inavyokula msumari, chuma ni laini na makali yatajikunja. Inatakiwa ishike, lakini kwa nguvu kidogo.

Kwenye mpini, angalia nyuzi za mti. Zifuate urefu wa mpini moja kwa moja, bila fundo. Kichwa kikilegea, watu wengi wanakiloweka kwenye maji. Kinakaza siku moja, halafu mti ukikauka kinalegea kuliko mwanzo. Dawa ni kupigilia kabari mpya ya mti mgumu.

Kulibeba

Funika makali kwa ala. Kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu, kilichokatwa na kufungwa kwa kamba, kinatosha. Shoka likae ndani ya sanduku la vyombo pamoja na jeki, beleshi na kamba. Lisikae chini ya kiti, wala mlangoni, wala kiunoni mwa mtu.

Tangu état de siège itangazwe Ituri mwezi wa Mei 2021, mashofere wanayajua maswali ya bariere. Askari akiuliza mna nini, semeni mapema: "Tuna shoka la kazi, liko kwenye sanduku." Usilitoe wewe. Fungua sanduku aone mwenyewe. Chombo kilichofichwa kinaleta maneno mengi kuliko kilichotajwa.

Kabla ya kuondoka, ulizeni habari za usalama za siku ile. Kama si nzuri, mazao yangoje. Gari likikwama, laleni karibu na watu, na mjulisheni mkubwa wa kijiji kabla ya giza. Mkihitaji msaada wa nyumba fulani, acheni panga na shoka kwenye gari. Nendeni wawili, mikono mitupu, mpige hodi kutoka mbali, mtaje majina yenu na jina la koperative.

Kulitumia

Shoka la mpini mfupi lina hatari yake: likikosa kuni, linaelekea kwenye goti au mguu. Kwa hiyo piga magoti unapopasua, na weka kuni juu ya gogo, si juu ya udongo. Hakikisha hakuna mtu karibu. Ukikata tawi kwenye shina lililolala, simama upande wa pili wa shina. Usigongee chuma kwa upande butu wa shoka, kwa maana vipande vinaweza kuruka machoni. Kateni kuni zenu jua likingali juu. Aliyekunywa pombe asilishike kabisa.

Mtu akijikata, bonyezeni kidonda kwa kitambaa safi bila kuachia, inueni mkono au mguu ule, mkimbizeni kituo cha afya, na muulize juu ya chanjo ya pepopunda.

Kukata nini

Hapa tunasema kama wataalamu wa kilimo. Mteremko wa kutoka Bogoro hadi uwanda wa Ziwa Albert ni mkali, na udongo wake unashikwa na mizizi. Kila gari likikata miti miwili kila linapokwama, mvua ya mwaka ujao itachukua barabara yenyewe, na shamba lililo chini yake. Kateni kilichoanguka na kukauka. Mkaratusi uliopandwa una mwenyewe, muombeni kwanza. Bora zaidi, bebeni mbao mbili nene za kuweka chini ya gurudumu na mfuko mdogo wa makala. Hapo shoka litabaki na kazi chache.

Tunaomba kila koperative iliandike shoka kwenye daftari la gari: nani analitunza, nani analinoa, nani alilitumia mara ya mwisho. Likirudi, lifutwe tope, lipakwe mafuta kidogo na kurudishwa kwenye ala.

Safari iliyofuata tulisimama kwa mama yule, mchana. Tulimfungulia sanduku akaona shoka jipya ndani ya ala yake ya mpira. Alicheka. Halafu akasema ana kuni zilizomshinda nyuma ya jiko, kama tunaweza kumpasulia kabla hatujaondoka. Tulimpasulia.