Watu Waliogeuka Hadithi (2): Abunuwasi wa Baghdad

Wiki iliyopita tulimwacha shujaa Fumo Liongo amepiga goti kisimani, sindano ya shaba kitovuni. Leo tunaye mwingine, anayejulikana na watoto kuliko hata Liongo.

Jioni moja pale Makongolosi, kwenye machimbo ya dhahabu, umeme umekatika na makarasha yamenyamaza, nilimsikia bibi mmoja akiwasimulia wajukuu. Abunuwasi kaazima karai kwa tajiri, kalirudisha na kikarai ndani. "Limezaa," akasema, na tajiri akapokea vyote bila kuuliza. Safari ya pili halikurudi. "Limekufa, bwana."

Vitabuni ni sufuria. Lakini kwa mtoto anayemwona baba yake akichekecha mchanga wa dhahabu kila siku, karai ndiyo mali.

"Bibi, Abunuwasi kwao wapi?"

"Pwani huko, mjukuu wangu."

Kwao hasa ni mbali zaidi. Aliitwa Hasan bin Hani, mzaliwa wa Ahvaz, Uajemi, katika miaka ya 750, mama yake Mwajemi. Abu Nuwas ni lakabu tu, ya mtu mwenye mashungi ya nywele yanayoning'inia. Alisoma Basra na Kufa, kisha akaenda Baghdad kutafuta riziki kwa ushairi. Harun Rashid anayetajwa katika hadithi za Abunuwasi naye ni mtu kweli, khalifa aliyetawala kuanzia 786 hadi 809, ila aliyemkumbatia zaidi mshairi wetu ni mwanawe, Amin. Kilichompa sifa Abu Nuwas ni mashairi ya kusifu mvinyo, na ulimi huohuo ulimtia gerezani. Alifariki karibu na mwaka 814.

Na sufuria iliyozaa? Hiyo Waturuki wanaisimulia kwa jina la Nasreddin Hoja, ambaye kaburi lake linaonyeshwa Akşehir. Kisa kizuri kisicho na mwenyewe hujibandika kwa mtu maarufu, na Abu Nuwas alikwishaingizwa hata katika Alfu Lela Ulela. Kwetu visa vyake vilifika pwani, vikachapwa kwa Kiswahili, vikapanda bara na vitabu vya shule. Mvinyo ulimwagikia njiani, na sidhani kuna mwalimu aliyeulilia. Aliyebaki ni mnyonge anayemfunga tajiri kwa maneno ya tajiri mwenyewe.

Mjukuu yule hakuwa na haja na Baghdad. Alitaka kujua kama kikarai kilizaliwa na dhahabu ndani.