Cherehani ya Mzee Haitaki Rangi Mpya

Kipsing, kule Isiolo, ni mbali na Lamu, lakini cherehani nyeusi ya Singer iliyoachwa na mzazi ni ile ile. Ya mkono au ya miguu haingoji stima, kwa hivyo fundi wa senta ndogo bado aweza kushona sare za shule kwa mashine inayomzidi umri. Tofauti ni adui tu. Huku Pwani ni chumvi na unyevu. Kule ni ukavu na vumbi laini linaloingia kwenye mafuta ya zamani na kuyafanya yagande kama gundi.

Mrithi akiikuta imekwama, mara nyingi ushauri wa kwanza ni kupiga msasa na kupuliza rangi. Mimi napinga. Ile rangi nyeusi ilichomwa kiwandani, maua ya dhahabu yakabandikwa juu yake na kufunikwa kwa vanishi nyembamba. Msasa ukipita mara moja, maua yamekwenda. Hata spiriti ni hatari, kwani vanishi hiyo mara nyingi ni ya shelaki, na spiriti huiyeyusha. Na rangi mpya ikiziba vitundu vya mafuta, umejiongezea kazi.

Kabla ya kugusa chochote, soma nambari iliyopigwa kwenye kitako, upande wa kulia. Nambari isiyo na herufi ni ya kabla ya 1900. Ikianza na Y, mashine ilitoka Clydebank, Uskoti, kati ya 1922 na 1935. Kiwanda hicho kilifungwa 1980. Nambari hiyo ndiyo cheti chake cha kuzaliwa, na rangi ya kupuliza huifukia.

Sasa kazi yenyewe. Piga picha kwa simu kila hatua kabla ya kufungua skrubu, na bisibisi ijae barabara kwenye mfereji wa skrubu, la sivyo utauharibu. Penye chuma kinachosuguana, dondosha mafuta ya taa kidogo, uache usiku kucha, kisha zungusha gurudumu polepole. Likikataa, rudia, nyundo haina nafasi hapa. Uchafu ukishalainika, futa, halafu tia mafuta ya cherehani katika kila kitundu. Mafuta ya kupikia hapana: yakikauka hugandisha upya. Mafuta ya taa nayo yasifike kwenye maua. Mwili ufute kwa pamba na mafuta ya cherehani, ukianzia mahali pasipoonekana. Pale rangi ilipolika kwa mikono ya marehemu, paache palivyo.

Kwenye vipuri ndipo wengi hukata tamaa, na pengine bila sababu. Singer ya namba 15 imeigwa na viwanda vingi, Butterfly ya China ikiwemo, hivyo bobini na nyumba yake hupatikana madukani. Zile za zamani zaidi, zenye shato ya umbo la risasi, ndizo za shida. Shato ikipotea utaitafuta sana, basi usiitenge na mashine. Mshipi wa ngozi uliopasuka kwa ukavu badilisha bila huruma. Kata mpya kwa urefu wa ule wa zamani, punguza kidogo ukilegea, kisha jaribu kushona kitambaa kikuukuu kwa sindano mpya kabla ya kupokea sare ya mtu.