Istilahi za Uhariri wa Video: Neno au Kazi Yake?

Mtu anayefungua programu ya kuhariri video kwa mara ya kwanza hukuta kiwambo kilichogawanyika madirisha kadhaa, na kila dirisha lina jina lake. Yafaa tueleze asili ya majina hayo, kwani mfasiri asiyeijua hupotoka, na mwanafunzi wake hupotoka naye.

Programu hizi, kama vile Avid Media Composer iliyotoka mwaka 1989 na Adobe Premiere ya mwaka 1991, zilirithi maneno ya chumba cha kuhariria filamu. Humo mhariri alikata filamu kwa wembe au mkasi, akaviunga vipande, na vile ambavyo bado hajavitumia akavitundika juu ya pipa lililotandikwa kitambaa ndani ili visikwaruzike. Pipa hilo kwa Kiingereza liliitwa "bin". Kompyuta ilipoingia, jina likahamia kwenye dirisha linalotunza picha na sauti zote za kazi.

Mfasiri akitegemea kamusi peke yake ataandika "pipa la taka". Kosa hili si dogo. Mwanafunzi atayachanganya na pipa la taka halisi la kompyuta, ambalo likimwagwa, kazi ya wiki nzima yaweza kupotea. Sisi tunapendekeza *kapu la vipande*, kwa kuwa kapu huhifadhi kitu kinachohitajiwa.

Wembe, kwa upande wake, ubaki *wembe*, maana kazi yake haikubadilika: hugawa kipande mahali mhariri anapotaka. Tofauti ni kwamba wembe wa kompyuta haudhuru picha ya asili iliyohifadhiwa.

Kadhalika kuna kufuta kwa aina mbili. Kwanza ni kufuta kunakoacha pengo katika *mstari wa wakati*, yaani dirisha ambamo vipande hupangwa kwa kufuatana. Pili ni kufuta kunakovuta vipande vya mbele vikaziba pengo. Waingereza wameiita hii ya pili kwa neno lenye maana ya viwimbi vya maji. Lakini tukiandika "viwimbi", msomaji wetu hataambua kitu. *Kufuta na kuziba* kunatosha.

Basi mfasiri hana budi kuketi kwanza mbele ya programu, abonyeze, atazame kinachotokea, ndipo achague neno. Tunawaomba walimu wa fani hii wayajaribu mapendekezo haya darasani na kutuletea maoni yao.