Hekalu la Kesava, Somanathapura

Hekalu la Kesava (huandikwa pia Keshava) ni hekalu la kale la Uhindu katika kijiji cha Somanathapura, wilaya ya Mysuru, jimbo la Karnataka, kusini mwa Uhindi. Lilijengwa katika karne ya 13, wakati wa ufalme wa Hoysala, kwa heshima ya mungu Vishnu. Kijiji kiko karibu na mto Kaveri, takriban kilomita 35 kutoka mji wa Mysuru, hivyo mgeni anaweza kwenda asubuhi na kurudi jioni. Hata hivyo wengi wanaofika Mysuru huishia kwenye jumba la kifalme na hawafiki huku.

Mwanzilishi

Hekalu halikujengwa na mfalme bali na jemadari wake. Somanatha alikuwa mkuu wa jeshi chini ya mfalme Narasimha III, aliyetawala katika nusu ya pili ya karne ya 13. Alianzisha kijiji kwa ajili ya Wabrahmani, yaani watu wa tabaka la makuhani na wasomi, akakiita kwa jina lake mwenyewe: "pura" maana yake ni mji. Katikati ya kijiji akajenga hekalu hili. Vitabu vingine vinataja mwaka 1258 na vingine 1268. Karibu na lango la uwanja bado limesimama jiwe refu lenye maandishi ya Kikannada kuhusu kuanzishwa kwa mahali hapa.

Umbo na jiwe lake

Hekalu limesimama katikati ya uwanja uliozungukwa na ukumbi mrefu wenye vyumba vidogo. Limeinuliwa juu ya jukwaa la mawe ambalo kingo zake zimekatwa kwa pembe nyingi kama nyota. Lina vyumba vitakatifu vitatu, kila kimoja na mnara wake: cha magharibi ni cha Kesava, cha kaskazini cha Janardana na cha kusini cha Venugopala. Haya yote ni majina ya Vishnu katika sura zake mbalimbali. Venugopala ni Krishna anayepiga filimbi.

Mtu anayelitazama kwa mara ya kwanza huona kwamba hekalu si kubwa. Minara yake ni mifupi ikilinganishwa na malango marefu ya mahekalu ya Tamil Nadu. Ubora wake uko katika uchongaji, na uchongaji huo ulitegemea aina ya jiwe. Mafundi wa Hoysala walitumia jiwe la sabuni, ambalo ni laini linapotoka machimboni na huwa gumu zaidi likikaa hewani. Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kukumbuka bakuli na sanamu za Kisii zinazochongwa Tabaka, nchini Kenya. Si jiwe lile lile kabisa, lakini kazi yake inafanana: fundi anaweza kuchonga shanga moja moja ya mkufu, au tundu katikati ya majani, jambo ambalo kwenye matale lingekuwa taabu kubwa.

Ndani ya ukumbi kuna nguzo za mviringo zilizokerezwa, laini na zenye mikato kama miguu ya vitanda vya kale vya pwani yetu. Inashangaza zaidi ukikumbuka kwamba kilichokerezwa ni jiwe na si mti. Juu ya nguzo, dari imegawanywa katika sehemu 16, na hakuna mbili zenye nakshi inayofanana. Baadhi zina umbo la ua la mgomba linaloning'inia chini.

Kuzunguka kuta

Jukwaa ni pana kuliko hekalu lenyewe kwa sababu lilikusudiwa watu wapite juu yake wakilizunguka. Kwa desturi ya Wahindu mtu huzunguka hekalu likiwa upande wa mkono wake wa kulia. Afanyaye hivyo hapa atakuwa anasoma kitabu cha mawe.

Sehemu ya chini ya ukuta ina mistari sita ya nakshi iliyopangwa mmoja juu ya mwingine. Wa chini kabisa ni tembo wanaofuatana, kisha wapanda farasi, kisha majani yanayotambaa. Mstari wa nne ndio wa hadithi. Juu yake wako makara, wanyama wa kubuniwa wenye sura kama ya mamba, na mwishoni safu ya mabata bukini. Mgeni mwenye haraka hutazama tembo akapiga picha na kwenda zake. Afadhali aweke macho kwenye mstari wa nne na atembee polepole, kwa maana hadithi zimepangwa kwa kufuata njia ya kuzunguka: upande wa kusini ni utenzi wa Ramayana, nyuma ya hekalu ni habari za Krishna kutoka Bhagavata Purana, na upande wa kaskazini ni Mahabharata, pamoja na magari yake ya vita na wapiga mishale. Juu ya mistari hiyo zimesimama sanamu kubwa zaidi za miungu, kila moja chini ya kivuli cha majani ya mawe.

Majina ya wachongaji

Katika mahekalu mengi ya kale tunajua jina la mfalme aliyetoa fedha, lakini fundi hatajwi. Hapa wachongaji walitia majina yao chini ya sanamu, kwa herufi za Kikannada. Tunao Masanatamma, Chameya, Rameya, Chaudeya, Baleya na wengine. Aliyeacha jina lake mara nyingi kuliko wote ni Mallitamma, kwenye sanamu zipatazo 40. Jina hilo linapatikana pia katika mahekalu mengine ya Hoysala, kama lile la Nuggehalli. Kwa hiyo wataalamu wanaweza kulinganisha mikono ya mafundi, kama mwalimu anavyotambua mwandiko wa wanafunzi wake.

Kwa nini hakuna ibada

Mtu aliyezoea mahekalu ya Mombasa au Dar es Salaam, yenye kengele, maua na harufu ya udi, atashangazwa na ukimya wa Somanathapura. Mwaka 1311 jeshi la Usultani wa Delhi lilishambulia mji mkuu wa Hoysala, ambao leo unaitwa Halebidu, na kabla ya karne hiyo kwisha ufalme wenyewe ulikuwa umetoweka. Katika misukosuko ya nyakati hizo na zilizofuata, sanamu nyingi za hekalu hili zilivunjwa pua na mikono, na sanamu ya awali ya Kesava ilipotea. Kwa mapokeo ya Kihindu sanamu iliyovunjika haifai tena kuabudiwa. Ndiyo maana hekalu la Belur, lililo la ufalme huo huo na lenye umri mkubwa zaidi, lina makuhani na waumini hadi leo, huku hili likibaki jengo la kihistoria chini ya Idara ya Akiolojia ya Uhindi.

Mnamo Septemba 2023 UNESCO iliyaandika mahekalu ya Belur, Halebidu na Somanathapura pamoja katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Safari ya siku moja

Kutoka Mysuru njia hupita Bannur, mji mdogo ulio kilomita chache kabla ya Somanathapura. Mabasi yapo, lakini huenda ukalazimika kubadilisha gari Bannur au T. Narasipura. Majira mazuri ni kuanzia Oktoba hadi Februari. Viatu huvuliwa ingawa hakuna ibada, na adhuhuri mawe ya jukwaa huunguza nyayo, soksi husaidia. Afadhali kufika asubuhi, kuzunguka nje kwanza, na kuingia ukumbini jua linapopanda. Ndani kuna giza, kwa hiyo tochi inafaa kwa kutazama dari. Muda ukibaki, unaweza kuendelea hadi Talakad, penye mahekalu yaliyofukiwa na mchanga kando ya mto Kaveri.