Sura ya Nne: Hoja na Mizani

Wapo wasemaji waliojaaliwa ulimi mwepesi, ambao maneno huwamwagika kama dagaa kutoka wavuni, na bado wakishuka jukwaani hakuna msikizi aliyegeuza nia yake hata kidogo. Kwani kusema ni kazi moja, na kusadikisha ni nyingine. Sijaiona tofauti hiyo bayana mahali popote kama katika habari ya mizani ya pamba huko Usukuma.

Katika miaka ya mwanzo ya 1950 mkulima wa Jimbo la Ziwa, baada ya kulima, kupalilia na kuchuma, alifunga mzigo wake, akaupeleka kwa mnunuzi, akatajiwa uzito, akalipwa, akarejea nyumbani na dukuduku. Maana mgongo uliobeba pamba ile ulikuwa na hesabu yake, na mizani ilikuwa na yake. Paul Bomani, mwanaushirika aliyezaliwa mwaka 1925, na wenziwe wa Mwanza, wangeweza kumhutubia mkulima huyo juu ya faida za ushirika, kanuni zake na hisa zake, naye angeitikia kwa adabu, kisha akaenda zake. Badala yake waliweka wapimaji wao wenyewe kando ya mizani ya wanunuzi, ili uzito unaotajwa usadikiwe au ukanushwe papo hapo, mbele ya mwenye mali.

Tazama hoja hii ilivyojengwa. Ilianzia katika shaka ambayo msikizi alikuwa nayo tangu zamani, ikampa dalili awezayo kuihakiki kwa macho yake, na mwisho kabisa ndipo ilipomtaka jambo: auze pamoja na jirani zake. Wengi wetu huupindua utaratibu huu. Twaanza na amri ya “jiungeni”, twafuatiza sababu, na ushahidi twausahau nyumbani. Tena ushirika wenyewe haukuwa mgeni kwa Wasukuma, ambao tangu kale vijana wao walilima kwa vikundi chini ya kiongozi wao, nsumba ntale. Basi jina jipya lilipata kigingi cha zamani cha kutundikwa, na hiyo ni bahati ambayo msemaji mwenye busara huitafuta kabla ya kufumbua kinywa.

Huenda msomaji akanikumbusha ngoma za Wagika na Wagalu, vyama viwili vya wachezaji wa Kisukuma, ambazo baada ya mavuno huchezwa kwa mashindano, makundi mawili kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevutia umati mkubwa zaidi. Ni hakimu mkali, nakiri, maana miguu ya watu haijui kusema uongo kwa heshima, na ingekuwa kheri baadhi ya wahutubu wetu wapimwe hivyo. Walakini kuvuta si kusadikisha. Ngoma huvunjika jua likichwa, na aliyekuja kutazama hadaiwi kitu. Bali waliosadiki kwa habari ya mizani walirudi msimu baada ya msimu, wakaikabidhi pamba yao kwa vyama vyao wenyewe, navyo mwaka 1955 vikaungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, hata ilipofika mwaka 1960 karibu pamba yote ya jimbo lile ilikuwa ikipita mikononi mwa wakulima walioilima.